Mama mkwe anasema "unachuria": nianzie wapi kuiandaa familia?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ujiji, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Nyumbani tupo sita, mimi, mume, watoto watatu na mama mkwe. Mume ananunua dagaa, kila wiki yupo kwenye boti za Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini huko. Tangu maji ya Ziwa Tanganyika yapande na majirani wa chini wahame mimi silali vizuri. Nikasema tuwe na begi la dharura na tupange tutafanyaje likitokea lolote, mama mkwe kanijia juu eti nachuria nyumba ya mwanae, mume anacheka tu. Na hela yenyewe ya mawazo. Nianzie wapi? Na ile mitungi ya kuzimia moto ina ulazima?"

Marahaba mwanangu. Kwanza mama mkwe wako hana ubaya, usimchukie. Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo, ukianza tu "nyumba ikiungua..." anakukata palepale, maneno huumba, kateme mate chini. Mimi nimekula mshahara wa usalama kazini miaka 31, nilianzia karakana moja pale Tabora, nikaenda migodini kanda ya ziwa, nikamalizia kwenye maghala, vijana wananiita Mzee Sefti, na nakwambia hata mafundi wenye vyeti vyao hawapendi kuhubiriwa habari za vifo vyao saa moja asubuhi kabla hawajanywa chai. Wanaitikia "ndio mzee" halafu wanavua helmeti ukigeuka.

Ilinichukua muda mrefu kujua dawa yake. Usiwaambie watu yatakayokuja, waulize yaliyopita. Ya jana hayana uchuro, yameshatokea. Siku mnachambua maharage hapo uani muulize tu, mama, hivi maji yalishawahi kufika mpaka huku? Halafu nyamaza. Kama umri wake ni wa kwangu au kunizidi atakuwa alikuwa mtoto ziwa lilipojaa kwenye miaka ya 60, mwaka 1964 lilikuwa juu kwelikweli, na atakutajia nyumba ya nani iliingia maji na watu walihamia wapi na walikula nini. Hiyo tayari ni ramani ya hatari ya mtaa wenu, kazini tulikuwa tunawalipa wataalamu watuchoree.

Maana hili ziwa letu lina tabia zake. Mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo karibu na Kalemie. Miaka ya 1870 mlango ule ulikuwa umeziba kwa matope na majani, ziwa likajaa mpaka likajitoboleza lenyewe, kisha likashuka kwa miaka. Ndio maana ukienda pale kwenye ukumbusho wa Livingstone hapo hapo Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871, maji unayaona yapo mbali kule chini. Likapanda miaka ya 60, likashuka, likaanza tena kupanda 2020 mpaka 2024 tukaona Kibirizi na Katonga watu wanatoa magodoro nje. Kwahiyo linapanda na kushuka, na jambo zuri ni kwamba halikuvamii usiku mmoja, linakupa wiki na miezi. Wewe chukua mti, chora alama kila upana wa kiganja, uchimbie pale maji yanapoishia, mtoto mkubwa awe anasoma kila Ijumaa na kuandika kwenye daftari. Halafu mkubaliane mapema, mkiwa mmetulia, maji yakifika alama fulani tunahama, na tunahamia kwa nani, shangazi wa Mwanga au nani sijui. Mkisubiri mpaka maji yaingie ndio muanze kubishana, mtabishana mpaka godoro lielee.

Na hatari yenyewe ya maji kupanda wengi hawaijui, wanafikiria kuzama. Ni choo. Maji yakifika kwenye choo cha shimo kile kilichomo chini kinatoka kutembea, kinaingia kisimani, kinaingia pale mnapochotea. Sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kukumbushwa kipindupindu, Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga kule mpakani na meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini, tuliona wenyewe. Kwahiyo choo chenu kikianza kujaa bila sababu msisubiri alama ya mti. Maji ya kunywa yachemsheni au mtie dawa, na kila mtu humo ndani, hata mama mkwe, ajue ile dawa ya mtu anayeharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Visizidi wala visipungue, chumvi ikizidi unamuumiza mtoto. Mtoto anayeharisha anaanza kunyweshwa hiyo hapo hapo huku mnatafuta bodaboda ya kumpeleka hospitali.

Sasa nikurudishe, maana umeniuliza uanzie wapi na mimi naongelea ziwa kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Usianze na ziwa. Ziwa linakupa miezi, moto wa usiku unakupa dakika mbili tatu. Anza na ufunguo.

Nikusimulie yangu, na hii wanangu wanaijua mpaka wamechoka kuisikia. Miaka ya 90 tunakaa Tabora, nyumba ya kupanga, madirisha nondo, mlango wa mbele una geti la chuma na kufuli kwa ndani kwa ajili ya wezi. Siku hiyo nimetoka kuendesha semina ya moto, semina kabisa, nimewachorea watu mishale kwenye ubao mlango wa dharura uko wapi. Usiku umeme umekatika, mtoto wa pili akawasha mshumaa akaubandika juu ya mfuniko wa plastiki karibu na chandarua akasinzia. Mi naamshwa na kikohozi cha mke wangu. Moshi umeshuka mpaka usawa wa kifua, hauoni mkono wako. Mama watoto akapiga kelele watoto wote chini, tambaeni, na kwakweli hilo sikumfundisha mimi, kwao walikuwa wanapika kwenye jiko lisilo na dirisha anajua hewa iko chini. Mimi nikakimbilia suruali yangu msumarini, ufunguo uko mfukoni. Suruali haipo! Nikapapasa kitanda, nikapapasa kiti. Kumbe jioni mke wangu kailoweka. Mtaalamu wa usalama nimepiga magoti gizani nimezamisha mikono kwenye beseni la omo naitafuta mifuko ya suruali, watoto watatu wanakohoa nyuma yangu, na geti lile hata ungelipiga shoka lisingefunguka.

Tulitoka. Cherehani ya mama na kabati na nguo zote za shule zikabaki humo. Jirani mmoja mzee wa Kinyamwezi akaja na blanketi, ananiangalia nina povu la sabuni mpaka viwikoni akaniuliza kwa upole kabisa, wewe si ndiye yule unayefundisha watu moto?

Toka siku ile ufunguo wa geti unakaa kwenye msumari ukutani, upande wa kulia wa mlango, mkono wa mtu wa nje usifike kupitia nondo lakini mtoto wa miaka 6 aufikie, una kamba nyekundu, na haunyanyuliwi kwenda popote. Ukitaka wa kutembea nao chonga mwingine. Hii ni shilingi ngapi, msumari na ufunguo wa kuchonga? Fanya leo kabla hujawaza begi. Na mshumaa, kama lazima, uwe ndani ya sahani yenye maji, mbali na chandarua na pazia, ila siku hizi vitaa vya sola vipo, nakushauri hivyo.

Halafu cheza mchezo. Usiwaite watoto ukawaambia tunafanya zoezi la moto, bibi yao ataanza. Umeme ukikatika, na utakatika tu, sema haya nani anaweza kutoka kitandani mpaka mlangoni macho yamefungwa, chini chini kama mjusi, achukue ufunguo afungue. Hesabuni. Wajukuu zangu mara ya kwanza walichukua karibu dakika mbili, waligonga meza, wakacheka wakalia wakagombana, sasa hivi yule mdogo anatumia sekunde 40 na ananishinda mimi babu yake mwenye magoti mabovu. Mama mkwe mpe kazi ya kuhesabu, kwa sauti, kama mwamuzi. Na yeye mwenyewe usiku nani anamshika mkono? Hilo lipangwe kwa jina, maana kila mtu akidhani mwenzie kamshika bibi, bibi anabaki ndani.

Jikoni nitapita haraka. Kama mnatumia mtungi wa gesi, gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini inajikusanya kama maji, ukisikia harufu usiguse swichi, kuwasha wala kuzima, funga mtungi, fungua milango, toeni watoto. Unapima kama inavuja kwa povu la sabuni, sio kwa kiberiti kama jirani yangu mmoja. Jiko la mkaa msiingize chumbani kulala nalo wakati wa mvua, sumu yake haina harufu. Na huku kwetu tunakaangia mawese, yakishika moto kwenye karai funika na mfuniko au sinia, zima jiko, ondoka, usimwage maji kabisa, maji yanazama chini ya mafuta yanageuka mvuke yanarusha moto mpaka kwenye paa.

Kuhusu mume. Anacheka kwa sababu anaogopa, wanaume wa majini wengi wako hivyo, usigombane naye. Kule Ziwa Victoria MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere Septemba 2018, na hii ya pili pale Ukara ilikuwa imebakiza hatua chache kufika gatini, watu zaidi ya 200 wakafa huku wenzao wanawaona toka ufukweni. Ilikuwa imezidisha watu. Mwambie hivyo tu, kwamba ukaribu wa nchi kavu sio ulinzi, na boti ikiwa inaelea chini kuliko kawaida yake ashuke asubiri ya kesho, dagaa hawaozi, wamekaushwa. Mnunulie boya lake mwenyewe, la saizi yake, livaliwe na kufungwa, sio la kukalia kama mto kama nilivyoona Kibirizi mara nyingi tu watu wamelikalia wanakula karanga. Liwe na filimbi ndogo, sauti ya mtu majini inaisha haraka sana, filimbi haiishi. Simu kwenye nailoni mbili zimefungwa. Na kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, ule upepo wa kusini ukiamka asijifanye mjuzi kuliko ziwa.

Ila kazi kubwa ya boti ni yako wewe uliyebaki nchi kavu. Kila akiondoka uwe unajua boti gani, nahodha nani, anatarajia kufika saa ngapi, na ikipita saa ngapi ndio unaanza kupiga simu na unampigia nani wa kwanza. Andika kwenye karatasi ukutani. Wake wengi wa wavuvi wanakaa mpaka kesho yake mchana wakisema labda simu imeisha chaji, na hiyo nusu siku ndiyo iliyokuwa na maana.

Begi sasa. Mwanangu mi sina imani sana na begi. Nimeliandaa mwenyewe mara mbili, tochi ikaenda chooni haikurudi, biskuti zikaliwa, mara ya pili betri zimevuja humo ndani. Kitu cha dharura kisipotumika kila siku kinakufa. Kwahiyo weka akiba, na hilo neno litumie, mbele ya mama mkwe usiseme dharura sema akiba, hakuna bibi wa Kigoma anayekataa akiba. Mtu mmoja muwekee lita 4 za maji kwa siku, kunywa na kupika, nyie mpo sita kwa siku tatu ni lita 72, yani madumu manne ya lita 20 na yanabaki kidogo. Mnatumia la kwanza, mnajaza, linaenda mwisho wa mstari. Dagaa wakavu, maharage, unga wa muhogo, dumu la mawese, chumvi, vyote mnavyo tayari, kinachotakiwa ni visiishe kabisa ndio mnunue. Msimamizi awe yeye mama mkwe. Usimdharau, yule ameshalisha watu wakati wa njaa na wewe bado hujazaliwa.

Cha kubeba ni makaratasi tu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki, karatasi za kiwanja, vyote kwenye mfuko wa nailoni karibu na mlango, na upige picha umtumie ndugu wa mbali. Dawa za presha za bibi zisifike kidonge cha mwisho ndio mwende. Hela kidogo ya noti, ya kwenye simu mtandao ukilala haikusaidii. Na watoto waijue namba yako kwa kichwa, mfundishe yule mdogo kwa kuimba, pamoja na 114 ya zimamoto na 112 ya polisi.

Sasa kuna jambo hukuniuliza na mimi ndilo naliona la kwanza kuliko hata ufunguo, nisamehe nimeliweka huku chini. Kazini tulikuwa na daftari la nusura. Nyundo ikidondoka toka juu isimpate mtu, unaandika. Waya umekuchoma kidogo, unaandika. Mahali pamoja nilipofanya kazi akaja msimamizi mpya akaanza kuwakata hela wanaoandika, eti wazembe. Daftari likawa jeupe miezi mitatu, akafurahi, akaenda nalo kwenye kikao kuonyesha hakuna ajali. Mwezi wa nne kijana akapoteza vidole viwili kwenye mashine ambayo kinga yake ilikuwa imelegea, na kila mtu wa zamu ile alikuwa anajua, nilipowauliza wakaangalia chini.

Basi nyumba nyingi ziko hivyo. Mwaka juzi mjukuu wangu mmoja alichomeka chaja ikatoa cheche ikayeyusha plagi, akaogopa fimbo ya babaye, akaichomoa akaificha chini ya godoro. Bado ya moto! Tulijua kwa sababu dada yake alisikia harufu. Baba yake akashika mkanda, nikamwambia weka chini hiyo, ukimpiga leo, kesho ataficha vizuri zaidi. Tulimpa soda yule mtoto kwa kutuonyesha ile plagi. Mama yake alinuna siku mbili, anasema babu unaharibu watoto, sawa.

Toka hapo Jumapili jioni tukila kila mtu anasema nusura yake ya wiki. Wakubwa ndio waanze, watoto wakisikia baba naye alisahau jiko hawaogopi tena. Nimeteleza bafuni. Bodaboda ilinipita sikioni. Mtoto mdogo anasema nilimeza kifungo. Hapo ndipo utasikia mambo ya nyumba yako ambayo hukuyajua, na mama mkwe atakuwa na za kwake za miaka 50 utachoka wewe. Na hakuna atakayesema umechuria, si ameshapona.

Mtungi wa kuzimia moto, nimeuacha mwisho kwa sababu ndio wa mwisho kwenye hela. Ukipata nafasi nunua mdogo wa poda, angalia mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, uning'inize njiani mtu anapotoka na sio juu ya jiko ambako ndiko moto utakuwa, na mara mojamoja uugeuze kichwa chini uutikise. Ukikosa, weka ndoo ya mchanga mlango wa jikoni. Wa ziwa hapo Ujiji ni bure ila ukaushe juani siku mbili kwanza, mchanga mbichi ukiingia kwenye mawese ya moto ni yale yale ya kumwaga maji, na uufunike na kitu maana paka wataufanya choo.